Mshushe Kidogo Huyo wa Saksafoni

Mama aliisikiliza kaseti yangu akiwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, vile anavyokaa kanisani mahubiri yakimkolea. Nikajipa moyo. Nikamtazama baba, naye akanikonyeza. Redio yake kubwa ya kaseti ilikuwa imevuliwa kitambaa chake cheupe na kuwekwa katikati ya meza, heshima ambayo nyumbani kwetu Myanga iliipata sikukuu ya Krismasi tu.

Wimbo ukaisha. Mama akafumbua macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Huyu mwanaume anaitwa nani?"

"Mwanaume gani?"

"Nekesa, usinichezee. Huyu wa tarumbeta."

"Si tarumbeta, mama. Ni saksafoni."

"Mimi sijauliza jina ya chombo. Nimeuliza jina ya mwanaume."

Baba akaanza kumimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Mzee Barasa ni mtu mpole, na mama akianza kuuliza maswali namna ile yeye hujitafutia kazi.

Na mama alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka huo, themanini na nane, alikuwa amenipeleka Kitale nijifunze taipu nipate kazi ya ofisi. Taipu nilijifunza, sikatai. Lakini nyuma ya duka moja la spea za trekta palikuwa na studio ndogo ya kurekodi muziki, na siku niliyotumwa pale kupeleka barua niliyokuwa nimeipiga taipu, sikutaka kutoka. Mwenye studio, Kipruto, aliniacha niketi. Kufika msimu wa kuvuna nilikuwa naunganisha waya, naweka maikrofoni, na bendi nzima ya Koitobos Jazz ilikuwa imekubali niwamiksie kanda yao, nipange sauti zao, mimi mwenyewe. Mama alipopata habari hakupiga kelele. Alisema tu nije na hiyo kazi nyumbani aisikilize. Akisikia ni kazi, nitarudi Kitale na baraka zake. Akisikia ni mwanaume, safari ya Kitale imekwisha.

"Wako watu wangapi hapo ndani?" akauliza.

"Watano."

"Mimi nimesikia mmoja. Huyo wa besi umemfukia kama kiazi. Wa gitaa ni kama anapigia kwa jirani. Lakini huyu wako, yeye umemkalisha kwa kiti ya baba yako." Akanigeukia vizuri. "Nimefundisha kwaya ya akina mama tangu ukiwa mgongoni. Mtu akiimba na mume wake yuko mbele amekaa, mimi najua. Hii si kazi, Nekesa. Hii ni mapenzi. Umempandisha huyo mtu juu ya wenzake kwa sababu unampenda."

Uso ulinichoma. Kaseti nzima nilikuwa nimeisikiliza mara zisizo na idadi na kila mara niliona iko sawasawa, nzuri ajabu, hasa pale Kiplangat anapoingia.

"Anaitwa Kiplangat," nikasema. "Wa kule Saboti."

"Mtu wa mlimani. Na wa bendi." Mama akashusha pumzi. "Watu wa bendi nawajua, mama. Mtu wa bendi anataka kusikika peke yake. Kwa jukwaa, kwa nyumba, kwa kitanda cha ugonjwa. Utapika, utazaa, utalia, yeye anasikia sauti yake tu. Kabati yako bado iko pale chumbani, inangoja nguo zako."

"Mama Zachary," baba akasema polepole, akimwita kwa jina la kaka yangu, "hata wewe kwaya yako ya kwanza walikuwa wanaimba kama ng'ombe wamefungiwa."

"Barasa!"

"Nasema tu. Mpe mtoto nafasi moja."

Mama alikunywa chai yake yote kabla hajajibu. "Jumapili ya mavuno alete ingine," akasema. "Nikisikia huyo mwanaume peke yake tena, nguo za Nekesa zirudi Myanga, na yeye arudi nazo."

*

Kiplangat alinikuta studio nimejiinamia juu ya mashine. Alikuwa ametoka shambani kwao, sweta la kijani limejaa manyasi, saksafoni yake ndani ya gunia la mahindi kama kawaida yake. Watu wa Kitale walidhani ni jogoo amebeba. Nikimwona akiinama kuingia mlango ule mfupi huwa nasahau kazi, hata siku ninazomkasirikia, na siku hiyo nilikuwa nimemkasirikia mapema, kabla hajasema lolote.

"Sasa, Nekesa. Mama alisemaje?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea aseme mama hajui jazi, mama ni wa kwaya, mama amezoea nyimbo za ibada. Nilikuwa tayari kukubaliana naye kwa kila neno.

Kiplangat akakaa juu ya kreti ya soda, akakuna shingo.

"Mama yako ni kweli," akasema.

"Ati nini?"

"Nimezidi. Mimi nilijua tangu tulipocheza ile kanda mara ya kwanza. Rotich anapiga besi yake vizuri sana, bana, na mtu hawezi kumsikia."

"Ulijua? Ulijua na ukanyamaza?" Nilisimama. "Nikaenda mpaka kwetu, nikavuliwa nguo kwa maneno mbele ya baba yangu, na wewe ulijua?"

"Si nilikuwa napenda."

"Ulikuwa unapenda nini?"

Aliliangalia lile gunia. Kiplangat si mtu wa maneno mengi, na akitaka kusema jambo la moyoni lazima kwanza atafute mahali pa kuyaweka macho.

"Vile unanipandisha," akasema. "Hakuna mtu amewahi kunipandisha, Nekesa. Kwetu wananiuliza hiyo makelele nitaacha lini. Nilipojisikia kwa ile spika, nikasema, kumbe kuna mtu ananisikia hivi."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi hasira iliniisha, lakini sikutaka aone.

"Basi nitakushusha," nikasema kwa ukali.

"Nishushe."

"Nitakushusha mpaka ulie."

"Nishushe, bana. Bora usirudishwe Myanga."

Hapo ndipo Kipruto aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha chai akacheka. Alikuwa mtu mzima, mwenye kipara na ndevu chache za mbuzi, na alikuwa amesikiliza ugomvi wote bila aibu.

"Utamshushaje?" akaniuliza. "Niambie, fundi."

Mashine yetu ilikuwa na njia nne tu za kuwekea sauti, na bendi ilikuwa na watu watano. Kwa hiyo ngoma, besi na gitaa nilikuwa nimezirekodi kwanza kila moja kwa njia yake, kisha nikazimimina zote tatu kwenye njia ya nne ili nipate nafasi ya kinanda na saksafoni. Na katika kuzimimina nilikuwa nimezififisha, nikimwandalia mtu wangu mahali pa kupita. Chai ikishatiwa maziwa huwezi kuyatoa. Nikimshusha Kiplangat sasa, kitakachobaki ni kinanda na uji wa sauti tatu ambamo besi haipo.

"Itabidi turekodi upya," nikasema kwa sauti ndogo.

"Itabidi," akasema Kipruto.

"Ulijua na wewe?"

"Mimi nina masikio."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema mzee hajapenda siku nyingi." Akanywa chai yake. "Kumiksi ni kupatia kila mtu nafasi yake. Hata yule humpendi. Hiyo huwezi kuambiwa na mimi. Rekodi tena, lakini Rotich utamwomba wewe mwenyewe."

Rotich alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa besi na mtu wa heshima zake. Nilimkuta uwanjani akiwasimamia watoto wakikimbia, nikamwambia wazi kwamba niliizika besi yake na nataka kuifukua.

"Nilidhani ni mimi nilikuwa napiga vibaya," akasema. "Mke wangu alisikiliza akaniuliza nilikuwa wapi siku hiyo."

Kuliko maneno ya mama, hayo ndiyo yaliyoniuma. Alikubali. Walikubali wote.

*

Jumamosi wakaja asubuhi, jua likiwa bado la upole. Kati ya chumba cha bendi na chumba cha mashine palikuwa na kioo kimoja kikubwa, mabaki ya dirisha la duka. Pale ndipo nilipokuwa nikikaa siku zote, naye Kiplangat akikaa upande wa pili ameelekea kwangu, na akifumba macho kupuliza mimi nilikuwa nasukuma sauti yake juu bila kujijua, kidole kinakwenda chenyewe.

Nikavua leso yangu kiunoni nikaitundika juu ya kioo.

"Unafanya nini?" Kipruto akauliza.

"Nafunga duka."

Kupitia kitambaa nikasikia Kiplangat anacheka. "Sasa mimi nitapulizia nani?"

"Pulizia Rotich," nikajibu, na bendi nzima ikaangua kicheko.

Tukaanza. Ngoma, besi, gitaa. Safari hii nilipozimimina pamoja sikumwandalia mtu njia. Nilisikiliza kwa sauti ya chini sana, kama Kipruto alivyonifundisha, kwa sababu kwa sauti ya juu kila kitu ni kitamu na masikio yanadanganyika. Kwa sauti ya chini nikaanza kuisikia besi ikitembea, mzito wa hatua, hana haraka, akimshika gitaa mkono anapotaka kuruka mbali. Walikuwa wanazungumza wale watu! Miezi yote ile nilikuwa nimeketi kwenye mazungumzo yao nikimsikiliza mtu mmoja tu.

Jazi ile haikuwa jina la bendi tu, kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za siku zile. Kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kusimama na kusema lake, wengine wakimshikilia chini.

Zamu ya kinanda na saksafoni ikafika. Kiplangat akaingia, na nikajua papo hapo kuna kilichobadilika.

"Umesogea?" nikaita.

"Nimerudi nyuma kidogo."

"Nani amekuambia urudi nyuma?"

"Hakuna. Namsikia Rotich vizuri kwa spika ya huku."

Nikakaa na hedfoni masikioni, leso mbele ya macho, simwoni. Alipuliza wakati wenziwe walipomwachia tu. Alisema maneno machache, akanyamaza akamwacha gitaa aseme, akarudi akamjibu. Ilikuwa sauti ya chini kuliko yote niliyowahi kumrekodi nayo, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale. Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe cha kusukuma. Kilitaka kwenda juu. Kilitaka sana. Nikakishusha kidogo tena, machozi yakanidondokea mkononi.

Wimbo ukaisha. Kisha Rotich akasikika upande wa pili: "Hiyo! Hiyo ndiyo sisi!"

Kipruto akaweka kikombe chini. "Usiguse tena," akasema. "Imekaa."

Nikaivuta leso. Kiplangat alikuwa kwenye kona ya mwisho, mgongo umegusa ukuta uliobandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, amekumbatia saksafoni yake na ananitazama. Tulitazamana mpaka mpiga ngoma akaanza kupiga mluzi.

*

Jumapili ya mavuno nyumba yetu ilinuka kuku. Mama alikuwa ametoka kuimbisha kanisani na bado alikuwa na sare ya kwaya, jambo lililonitia hofu, kwa maana kwenye sare ile huwa hana mtoto, ana waimbaji tu. Kiplangat nilikuwa nimemwacha nje karibu na zizi, shati jeupe, gunia lake miguuni. Nilimwambia asiingie mpaka aitwe. Na kama hataitwa, aende tu, nami nitajua la kufanya na moyo wangu.

Baba akavua redio kitambaa. Nikaweka kaseti.

Mama akafumba macho. Safari hii sikumtazama baba. Niliutazama mguu wa mama. Besi ilipoingia, kidole gumba cha mguu wake kikainuka. Gitaa likaja, kikagonga sakafu. Saksafoni ikaja chini kabisa, kidole kikasimama kusikiliza, kisha kikaendelea.

Kaseti ikatoa mlio wa mwisho.

"Huyo wa besi ni mtu mzima," mama akasema, macho bado yamefungwa. "Ana watoto."

"Ni mwalimu Rotich. Anao wengi."

"Wa ngoma ana haraka, lakini wanamshika." Akainua kidole. "Na yule wa tarumbeta. Nani alimshusha?"

"Ni mimi."

"Ulisikia uchungu?"

Ningeweza kumdanganya. "Nilisikia, mama. Nililia."

Akafumbua macho. Sijui alikuwa anaona nini usoni kwangu, lakini sauti yake ilikuwa imepoa. "Mwaka ule ulipokuwa na sauti nzuri kuliko watoto wote wa kanisa nilikuweka mstari wa nyuma. Ulininunia wiki nzima. Unafikiri mimi sikusikia uchungu?" Akajifuta uso kwa pindo la sare. "Basi umejifunza kazi."

Baba akapiga goti lake kwa furaha. Mama akamnyamazisha kwa mkono, hajamaliza.

"Lakini kuna mahali anarudi nyuma mwenyewe. Hapo si wewe. Anaachia wenzake, wakimaliza ndiyo anasema, na akisema ni kidogo. Hapo ni nani amemwambia?"

"Hakuna aliyemwambia."

"Mwanaume wa bendi? Ananyamaza mwenyewe?"

"Ananyamaza, mama."

Akaiweka sawa leso yake mabegani. Nje ng'ombe akalia. "Yuko wapi sasa?"

"Yuko hapo kwa zizi," baba akajibu kabla yangu. Kumbe alikuwa amemwona kitambo. "Nekesa, ita kijana aingie."

Nikatoka mbio. Sikumweleza kitu, nilimshika mkono tu, mkono baridi kama wa mtu aliyenawa mtoni. Akainama mlangoni, akaingia.

"Hamjambo, baba. Hujambo, ma..."

Hakumaliza. Mama alimwangalia mara moja tu, kuanzia viatu mpaka kichwa, akanyanyuka ghafla, akajitupia leso kichwani na usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma bila neno. Tukasikia mlango wa jikoni ukifungwa.

Kiplangat aliachia mkono wangu. "Nimemkosea," akasema taratibu. "Wacha niende, Nekesa. Kazi yako amekubali. Hiyo inatosha."

"Hutaenda!" Nilisema kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe. "Kama wewe unaenda, mimi..."

Nikasikia baba anacheka. Alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu, machozi yanamtoka. "Keti chini, kijana. Keti. Wewe Nekesa, umekaa Kitale mpaka umesahau kwenu? Mama yako anakaa na wageni kila siku. Wauza nguo anakaa nao, chifu anakaa naye, hata watu wa kodi. Ulishaona anajifunika uso na kukimbia?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama wa Kibukusu anakimbia mtu mmoja tu. Hawezi kukaa naye chumba kimoja, hawezi kumwangalia machoni, mpaka siku heshima zote zimekamilishwa." Akamgeukia Kiplangat aliyekuwa bado amesimama ameshikilia gunia. "Amekimbia mkwe wake."

Kiplangat alikaa. Akanitazama, nikamtazama, na sikuona tena haja ya kuficha chochote mbele ya baba yangu.

"Barasa!" Sauti ya mama ikaja kutoka jikoni, imepita ukuta.

"Naam, Mama Zachary!"

"Ambia Nekesa aambie huyo mtu chai iko na maziwa. Kama hatumii maziwa aseme mapema!"

"Natumia, ma..." Kiplangat akaanza, baba akamwashiria anyamaze na kunielekeza mimi.

"Anatumia, mama!" nikapaza sauti.

Vyombo vikagongana. Kisha sauti ya mama tena, sasa laini, yenye aibu kidogo, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo maishani.

"Na hiyo lekodi yenu irudiwe. Lakini huyo wa tarumbeta mpandishe kidogo. Mimi huku jikoni simsikii vizuri."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikapiga magoti, nikafungua kamba ya lile gunia la mahindi, nikaitoa saksafoni na kumwekea Kiplangat mapajani.

"Umemsikia mama," nikamwambia. "Na leo usirudi nyuma hata hatua moja."